Mkono wa Kulia wa Molekuli: Jina na Umbo katika Historia ya Kemia

Utangulizi

Kila lugha ina maneno ya kutajia mkono wa kulia na mkono wa kushoto, lakini hakuna lugha iwezayo kuyafafanua maneno hayo kwa maneno mengine matupu. Mikono miwili ya mtu ina idadi moja ya vidole na idadi moja ya mifupa, na umbali wa kidole hadi kidole ni ule ule. Atakayeorodhesha sifa za mkono mmoja atakuwa ameorodhesha sifa za wa pili. Hata hivyo, glavu ya mkono mmoja haiuingii mkono wa pili. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliligusia jambo hili mwaka 1768. Alidai kwamba tofauti ya vitu viwili vya namna hiyo haimo katika sehemu zake, wala katika uhusiano wa sehemu hizo zenyewe kwa zenyewe, bali imo katika jinsi kila kimoja kinavyoelekea katika nafasi nzima inayokizunguka.

Kiswahili hakikujaribu kufafanua kisichofafanulika. Kilitaja kazi. Mkono wa kulia ni mkono ambao mtu hulia chakula. Kitenzi ni *kula*, nacho kimenyambuliwa katika kauli ya kutendea. Mwenye kutaka kujua ni mkono upi hana haja ya kupewa maelezo ya umbo; amtazame mlaji. Jina la pili la mkono huo huo, yaani mkono wa kuume, halitaji kazi bali linaushirikisha mkono na jinsi ya kiume, na mwenziwe huitwa mkono wa kike. Kwa hiyo lugha hii ina njia mbili za kuitambulisha mikono: kwa tendo na kwa nasaba. Tofauti hiyo itatakiwa tena mwishoni mwa makala haya.

Makala haya yanachunguza historia ya tatizo hilo hilo katika fani ya kemia, ambamo wataalamu walilazimika kutafuta mkono wa kulia wa kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukiona. Molekuli nyingi za viumbe hai huwa na sura mbili zinazolandana kama mkono na picha yake kiooni, wala sura moja haiwezi kulazwa juu ya nyingine zikalingana. Sifa hii hapa itaitwa *umkono*, na kila moja ya sura hizo mbili itaitwa pacha wa kiooni wa nyingine. Inadaiwa kwamba maendeleo ya elimu hii hayakutokana na majaribio pekee. Kila hatua yake kubwa ilikuwa pia hatua ya lugha, ama ya kuchora umbo, ama ya kuafikiana juu ya jina. Na pale jina lilipoachana na kitu, wanafunzi walipotea, na hata wagonjwa waliguswa.

Mkono unaojulikana kwa tendo lake

Mwanzo wa habari hii ni mwanga. Mwaka 1808, mjini Paris, Étienne-Louis Malus alitazama kupitia fuwele ya kalsiti miale ya jua la magharibi iliyoakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, akagundua kwamba mwanga ulioakisiwa hautendi kama mwanga wa kawaida. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba mwanga wa kawaida hutikisika katika pande zote zilizokingamana na njia yake, ilhali mwanga wa aina hii hutikisika katika bapa moja tu. Miaka 3 baadaye François Arago aliona kwamba kipande cha kwatsi huligeuza bapa la mwanga huo unapopita ndani yake. Jean-Baptiste Biot akaonyesha kwamba baadhi ya vipande vya kwatsi huligeuza upande wa kulia na vingine upande wa kushoto.

Ugunduzi wa Biot uliokuwa na uzito zaidi ulikuja mwaka 1815. Aliona kwamba mafuta ya tapentaini, myeyusho wa kafuri na myeyusho wa sukari pia huugeuza mwanga. Tofauti yake na kwatsi ni kubwa. Kwatsi ni jiwe gumu lenye mpangilio maalumu ndani yake, na uwezo wake wa kugeuza mwanga hutoweka mpangilio huo unapovunjwa. Majimaji hayana mpangilio wa kuvunjwa. Ikiwa yanaugeuza mwanga, basi nguvu hiyo lazima iwemo katika kila molekuli peke yake. Louis Pasteur alikuja kuifafanua tofauti hii kwa mfano wa ngazi ya kuzunguka. Kuna ngazi iliyojengwa kwa matofali yaliyonyooka, ambayo ikibomolewa mzunguko wake hupotea. Na kuna ngazi ambayo kila tofali lake limepindwa lenyewe, hata ikibomolewa mapindo hubaki katika kila tofali.

Katika hatua hii, kulia na kushoto kwa molekuli kulijulikana kwa tendo peke yake, kama mkono wa mlaji. Kitu kiligeuza mwanga upande huu au upande ule, basi. Maarifa haya yalitosha kwa kazi nyingi. Viwanda vya sukari ya miwa, vikiwemo vya magharibi ya Kenya, hupima kiasi cha sukari katika maji ya muwa kwa kuangalia ni nyuzi ngapi mwanga umegeuzwa. Lakini kujua tendo si kujua umbo, na hakuna aliyeweza kueleza ni kitu gani ndani ya sukari kilichoelekea kulia.

Pasteur na fuwele za mvinyo

Asidi ya tataratiki hupatikana katika mashapo ya mvinyo, nayo huugeuza mwanga kulia. Mapema katika karne ya 19, kiwanda kimoja cha Thann, katika jimbo la Alsace, kilipata asidi nyingine iliyofanana na hiyo kwa kila kipimo cha kemia, ila haikuugeuza mwanga hata kidogo. Ilipewa jina la asidi ya rasemi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kichala cha zabibu. Mwaka 1844 Eilhard Mitscherlich, mtaalamu wa Berlin, alitangaza kwamba chumvi za asidi hizi mbili zina atomi zile zile, kwa idadi ile ile, zilizopangwa namna moja na kwa umbali mmoja. Hata hivyo moja huugeuza mwanga na nyingine haiugeuzi. Ikiwa maneno hayo yalikuwa kweli, basi elimu ya kemia ilikuwa imefikia ukingo wa maelezo yake. Vitu viwili visivyotofautiana kwa lolote vilikuwa vimetofautiana.

Pasteur alikuwa kijana wa miaka 25 alipolishughulikia tatizo hili katika École Normale mwaka 1848. Alizitazama fuwele za chumvi ya asidi ya rasemi, akaona kwamba kila fuwele ilikuwa na vijiuso vidogo vya pembeni, ila katika baadhi yake vijiuso hivyo vilielekea kulia na katika nyingine vilielekea kushoto. Fuwele za aina moja zilikuwa sura ya kiooni ya zile nyingine. Aliketi akazichambua moja moja kwa mkono, mafungu mawili, kama mtu achambuaye mchele. Alipoyeyusha fungu la kwanza likaugeuza mwanga kulia. La pili likaugeuza kushoto kwa kiasi kile kile. Na alipochanganya sawa kwa sawa, mwanga haukugeuka. Asidi ya rasemi haikuwa kitu cha tatu. Ilikuwa mikono miwili iliyoshikana, kila mmoja ukiufuta ukinzani wa mwenziwe.

Biot, wakati huo mzee wa miaka 74, hakuridhika kusikia habari. Alimtaka kijana huyo airudie kazi mbele yake, kwa kemikali alizoziandaa Biot mwenyewe. Ilipothibitika, mzee alimshika mkono kwa furaha isiyofichika. Na bahati nayo ilikuwa na sehemu yake, maana chumvi hiyo hujitenga katika fuwele za mikono miwili pale tu joto lisipozidi nyuzi 27 hivi za Selsiasi. Baridi ya Paris ilikuwa msaidizi ambaye hakutajwa.

Miaka kumi hivi baadaye Pasteur aligundua jambo jingine lenye uzito. Kuvu iliyoota katika myeyusho wa asidi ya rasemi ilikula pacha wa kulia na kumwacha wa kushoto. Kumbe viumbe hai navyo vina mkono, na mkono huo huchagua. Tangu hapo ilikuwa dhahiri kwamba umkono si jambo la mwanga tu, bali ni jambo la chakula, na kwa hivyo la dawa na sumu. Katika mihadhara yake ya mwaka 1860, Pasteur alijiuliza kama atomi za asidi hiyo zimepangwa kwa mzunguko wa parafujo au katika pembe za piramidi isiyo sawa. Aliuliza swali sahihi. Jibu lilimpita, kwa sababu kemia ya wakati wake haikuwa na michoro ya kulibeba.

Piramidi za kadibodi

Mchoro ulianza kupatikana mwaka 1858, pale August Kekulé na Archibald Scott Couper, kila mmoja kivyake, walipoeleza kwamba atomi ya kaboni hushikamana na atomi nyingine kwa mikono minne. Wanakemia wakaanza kuandika molekuli kama herufi zilizounganishwa kwa vistari. Mwandiko huu ulikuwa na manufaa makubwa, lakini ulikuwa wa karatasi, na karatasi ni bapa. Upungufu wake ulijitokeza katika uchunguzi wa Johannes Wislicenus juu ya asidi ya laktiki. Asidi itokayo katika misuli na ile ya maziwa yaliyochachuka ziliandikwa kwa vistari vile vile, lakini ya misuli iliugeuza mwanga na ya maziwa haikuugeuza. Kufikia mwaka 1873 Wislicenus alikuwa amekata shauri kwamba tofauti hiyo haina budi kuwa katika mpangilio wa atomi katika nafasi. Mwandiko ulikuwa umeshindwa kuonyesha maana mbili tofauti, kama hati ambayo herufi yake moja husomwa kwa sauti mbili.

Mwezi Septemba 1874, Jacobus Henricus van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 22, alitoa kijitabu cha kurasa chache. Alipendekeza kwamba mikono minne ya kaboni haikulala bapa, bali huelekea kwenye pembe nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na kaboni yenyewe imo katikati. Endapo pembe zote nne zimeshika vitu vinne tofauti, piramidi hiyo huwa na sura mbili tu, na sura hizo ni mapacha wa kiooni. Miezi miwili baadaye Joseph Achille Le Bel, Mfaransa aliyewahi kufanya kazi pamoja naye katika maabara ya Adolphe Wurtz mjini Paris, alichapisha hoja iliyofika mahali pamoja kwa njia nyingine. Van 't Hoff hakuishia kwenye maneno. Alikata na kukunja piramidi ndogo za kadibodi, akazipaka rangi, akawatumia wataalamu. Baadhi ya piramidi hizo zimehifadhiwa mjini Leiden.

Mwaka 1877 wazo hili lilishambuliwa vikali na Hermann Kolbe wa Leipzig, mhariri wa jarida mashuhuri na mwanakemia mwenye sifa za haki. Kolbe aliona haya kuwa marejeo ya falsafa ya ndoto iliyokwisha kufukuzwa katika sayansi. Hakusahau kutaja kwamba van 't Hoff alikuwa mwalimu katika chuo cha utabibu wa mifugo cha Utrecht. Kwa dhihaka alidai kwamba kijana huyo alimwazima farasi mwenye mabawa wa ngano za Kiyunani kutoka zizi la chuo hicho, akampanda hadi mlima wa washairi, na huko ndiko alikoziona atomi zilivyokaa.

Dhihaka hiyo imemharibia Kolbe jina, lakini hoja iliyofichwa ndani yake yafaa ipimwe kwa haki. Hakuna aliyekuwa ameiona atomi. Mtu akichora asichokiona, ni kitu gani kinachomtenga na mtunzi wa ngano? Van 't Hoff alilijibu swali hili kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Mchoro wake ulitabiri ni michanganyiko ipi ingeugeuza mwanga na ipi isingeugeuza, na kila molekuli ingekuwa na mapacha wangapi. Utabiri hukubali kukanushwa, na ngano haikubali. Mwaka 1875 alitabiri hata molekuli zenye umkono ambazo hazina kaboni yenye vitu vinne tofauti, na utabiri huo ulithibitishwa maabarani mwaka 1935, miaka 60 baadaye. Njia ya pili ilikuwa mhadhara wake wa kuanza uprofesa mjini Amsterdam, Oktoba 1878, juu ya ubunifu wa akili katika sayansi. Humo alieleza kwamba alisoma wasifu wa wanasayansi wengi akakuta kuwa wengi wa wakubwa wao walikuwa pia na kipawa cha ushairi, cha kuchora au cha sanaa nyingine. Kwake, kuona kisichoonekana hakukuwa aibu ya sayansi, mradi anayeona akubali kupimwa.

Fischer anachagua upande

Emil Fischer alikuwa wa kwanza kuupima mchoro huo kwa ukubwa wake wote. Glukosi ina kaboni nne za aina aliyoieleza van 't Hoff, kwa hiyo kuna sura 16 zinazowezekana, yaani mapacha 8 ya kiooni. Mwaka 1891 Fischer alifaulu kuonyesha ni sura ipi kati ya hizo iliyo ya glukosi, ila kwa sharti moja. Majaribio yake yaliweza kueleza uhusiano wa kila kaboni na nyingine, lakini hayakuweza kusema kama picha nzima ni yenyewe au ni ile ya kiooni. Hapa tatizo la Kant lilirudi likiwa katika vazi la kemia: mahusiano yote ya ndani yalikwisha kujulikana, na mkono bado haukujulikana.

Fischer alichagua upande mmoja, akauandika. Alitoa pia kanuni ya kuandika molekuli kama misalaba: vistari vya mlalo vyatoka kwenye karatasi kumwelekea msomaji, na vya wima vyaenda nyuma ya karatasi. Asiyeijua kanuni haoni ila misalaba. Hali yake ni ya mtu anayeukabili utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu bila kujua kwamba alama moja huweza kusomwa *i* au *e*. Hati hubeba maana kwa mapatano ya wanaoitumia, na kemia ya sukari ilijengwa juu ya mapatano ambayo msingi wake ulikuwa bahati nasibu ya nusu kwa nusu.

Bahati hiyo ilisubiri miaka 60. Mwaka 1951, Johannes Bijvoet, pamoja na Peerdeman na van Bommel, walitumia eksirei kuichunguza chumvi ya sodiamu na rubidi ya asidi ya tataratiki, ile ile asidi ya mashapo ya mvinyo. Kwa kuangalia namna atomi ya rubidi inavyoichelewesha miale, waliweza kwa mara ya kwanza kusema mkono upi ni upi katika hali halisi. Fischer alikuwa amekisia sawa. Kazi hiyo ilifanyika Utrecht, katika maabara iliyopewa jina la van 't Hoff. Lau Fischer angalikosea, vitabu vyote vya kemia ya viumbe vingalilazimika kupinduliwa kama kanzu iliyovaliwa nje ndani, ingawa mahusiano ya ndani yangalibaki sahihi.

Majina matatu ya mkono mmoja

Wakati huo huo mkanganyiko wa majina ulikuwa ukikua. Hapo awali herufi ndogo *d* na *l*, kutoka maneno ya Kilatini ya kulia na kushoto, zilitaja upande mwanga unakogeuzwa. Fischer alianza kuzitumia kwa maana ya ukoo, yaani molekuli iliyotokana na nyingine iitwe kwa herufi ya mzazi wake, hata kama inaugeuza mwanga upande wa pili. Hivyo sukari ya matunda, fruktosi, iliitwa ya kulia kwa ukoo ilhali huugeuza mwanga kushoto. Na jina lake la zamani, levulosi, lilikuwa limetokana na huko kushoto. Baadaye herufi kubwa *D* na *L* zilitengwa kwa ajili ya ukoo, na alama za kujumlisha na kutoa zikatumika kwa tendo. Lakini maandishi ya zamani yalibaki maktabani yakiwapotosha wasomaji.

Mwaka 1956 Robert Cahn, Christopher Ingold na Vladimir Prelog walitoa utaratibu wa tatu, wakaupanua mwaka 1966. Vitu vinne vilivyoshikwa na kaboni hupangwa kwa daraja kufuata uzito wa namba zao za atomi, kisha molekuli hutazamwa kutoka upande ulio mbali na kile cha daraja la chini. Macho yakizunguka kwa mwendo wa akrabu za saa kutoka daraja la juu kwenda la chini, jina ni *R*; yakizunguka kinyume, ni *S*. *S* ni la neno la Kilatini *sinister*, kushoto. Lakini kulia kwa Kilatini ni *dexter*, na herufi ya neno hilo ilikuwa imekwisha kushikwa. Waandishi hao waliamua kutumia *rectus*, neno ambalo maana yake hasa ni iliyonyooka. Istilahi ya kimataifa imesimama, kwa hakika, juu ya neno lililovutwa kidogo ili herufi ipatikane.

Neno la kuitaja sifa yenyewe lilikuwa limebuniwa mapema zaidi. Katika mhadhara aliotoa Oxford mwaka 1893, Lord Kelvin alilichukua neno la Kiyunani *kheir*, mkono, akaliundia jina ambalo kwa matamshi ya Kiswahili lingekuwa *kairaliti*. Wanakemia hawakulijali kwa zaidi ya miaka 60. Waliendelea kuzungumzia kaboni isiyo na ulinganifu, kana kwamba umkono ni mali ya atomi moja. Ni katika miaka ya 1960 ndipo jina la Kelvin liliposhika, kwa kuwa ilikwisha kudhihirika kwamba umkono ni wa umbo zima. Jina lililosubiri kitu chake si jambo la kila siku katika historia ya istilahi.

Mkono ndani ya kidonge

Mwili wa binadamu umejengwa kwa vitu vya mkono mmoja. Protini zake zimetokana na amino asidi za ukoo wa *L*, na sukari za chembe zake za urithi ni za ukoo wa *D*. Kitu cha kigeni kinachoingia mwilini humo hupokewa kama mgeni anayetoa mkono wa salamu: wa kulia hushikana barabara, wa kushoto hupwaya. Pua yenyewe hutambua. Mwaka 1971 watafiti walithibitisha kwamba mapacha wawili wa kemikali iitwayo kavoni hunusika tofauti, mmoja akinukia nanaa na wa pili akinukia kisibiti.

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni wa majonzi. Dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 ikiwa na mapacha wote wawili, ikapewa hata wajawazito, na kabla ya kuondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 1961 ilikwisha kuwadhuru zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali. Mwaka 1979 watafiti wa Ujerumani waliripoti kwamba katika majaribio ya wanyama madhara yalifuatana na pacha *S*. Tangu hapo husimuliwa kwamba lau angalitolewa pacha *R* peke yake maafa yasingalitokea. Masimulizi hayo si sahihi. Mapacha hao hubadilikana ndani ya mwili, na atakayemeza mmoja atakuwa na wote wawili baada ya saa chache. Kisa hiki chaonya kwamba jina likiwa sahihi kwenye chupa halimaanishi kwamba kitu kitabaki na jina hilo ndani ya damu.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake, nao ni wa karibu zaidi. Prazikwanteli ndiyo dawa kuu ya kichocho, ugonjwa uwapatao watoto wa kandokando ya ziwa, mito na mifereji ya umwagiliaji. Kidonge chake cha kawaida kina mapacha wawili nusu kwa nusu. Pacha *R* ndiye auaye minyoo. Pacha *S* haisaidii kitu, na ndiye mwenye uchungu mkali zaidi. Kwa hiyo mtoto hupewa kidonge kikubwa ambacho nusu yake ni mzigo, na uchungu wake humfanya akiteme. Ilibidi itengenezwe dawa ya watoto wadogo yenye pacha *R* pekee. Ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mwezi Desemba 2023 ilipata maoni ya kuikubali kutoka kwa mamlaka ya dawa ya Ulaya. Msomaji makini atatambua pia kwamba pacha huyo, ambaye herufi yake ni ya kulia, huugeuza mwanga kushoto. Hapana kosa. Herufi yataja daraja, mwanga wataja tendo.

Mchango wa Kiswahili

Istilahi za sayansi za Kiswahili zilipata msingi imara TUKI ilipochapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Katika uwanja huu wa umkono, hatari iliyopo si ukosefu wa maneno. Hatari ni kulitumia neno *kulia* kwa maana tatu, na kurudia kwa Kiswahili mkanganyiko ambao Ulaya iliutumikia zaidi ya nusu karne.

Lugha hii haina haja ya kuvuta neno la kunyooka ili lifanye kazi ya kulia. Tayari ina jozi mbili. Jozi ya *kulia* na *kushoto*, ambayo asili yake ni tendo, yafaa itengewe tendo: molekuli igeuzayo mwanga kulia, molekuli igeuzayo mwanga kushoto. Jozi ya nasaba yafaa itengewe ukoo, kwani Waswahili husema jamaa wa kuumeni na jamaa wa kukeni, na *D* na *L* ni habari ya nasaba hasa. Herufi *R* na *S*, ambazo ni za daraja na ni za kimataifa, zibaki kama zilivyo. Ama sifa yenyewe, Kelvin alipouita kwa Kiyunani mkono hakufanya zaidi ya kuuita mkono. Mwanafunzi wa Kiswahili asilazimishwe kupitia Uyunani ili aufikie mkono wake mwenyewe. Neno *umkono* lajieleza, na *kairaliti* yaweza kuwekwa kando yake kwa ajili ya anayesoma vitabu vya nje.

Pingamizi moja haliepukiki. Jozi ya kuume na kike ina historia ya kuupa mkono mmoja heshima na wa pili dharau, na wapo watakaoona si vema kuiingiza dharau hiyo katika sayansi. Pingamizi hili lina uzito. Lakini katika kemia ya mwili amino asidi za protini, zinazojenga misuli ya kila mwanamume na kila mwanamke, ni za kukeni, na sukari za chembe za urithi ni za kuumeni. Mwili hauwezi kuishi kwa upande mmoja. Huenda darasa la kemia likawa mahali ambapo jozi hiyo itapoteza dharau yake. Uamuzi ni wa wanaistilahi na walimu kwa pamoja, nao yafaa ufanywe kabla vitabu havijaandikwa, maana historia ya Fischer yaonyesha kwamba mapatano yaliyokwisha kuchapwa hukaa miaka mingi, yawe ya busara au ya bahati.